Tumekujibia, Mwalimu

Pale kituo cha majani ya chai chini ya soko la Roret, kando ya mizani ya kiwanda, pana benchi ambalo zamani lilikuwa ubao wa nyuma wa lori. Lori lilikufa, ubao ukabaki, ukapigiliwa miguu minne isiyolingana, na tangu siku hiyo hakuna jambo la nchi hii ambalo halijaamuliwa juu yake. Wakulima hukaa hapo na vikapu vyao wakingoja lori la kiwanda, na lori la kiwanda lina tabia ya bwana harusi: halifiki mpaka watu wachoke. Drusilla, mama kutoka upande wa Kisii mwenye kibanda cha mabati hapo hapo, huwauzia chai. Kahawa watu wa huku huiona kwenye picha tu, na ukimpa mtu kahawa mbele ya majani yake mwenyewe atadhani unamtafutia ugomvi. Ilikuwa Septemba 1999, Jumanne, saa kumi na nusu. Mvua ya mchana ilikuwa imenyesha ikaisha, na lori halijasikika hata kwa mbali.

Mwalimu Tecla Chepkemboi alipotokea kwenye njia ya shule, benchi likanyamaza.

Sasa, benchi lile kunyamaza si jambo dogo. Mara ya mwisho lilinyamaza siku chifu mstaafu alipofia hapo hapo na kikombe mkononi, na hata siku hiyo walianza kwa kubishana kama amekufa au amelala. Kwa hiyo Tecla alipoona vichwa vinainama, alikaza mwendo. Mumewe Aron alikuwa zamu ya mchana kiwandani, kwenye boila ya mvuke, na boila ni boila.

Drusilla hakumngoja aagize. Alimletea chai katika kikombe kikubwa cha bati, kile ambacho kwa kawaida hakishikwi na mtu ila Mzee Kipchirchir, aliyeitwa Bonasi kwa sababu miaka yote ya maisha yake aliihesabu kwa bonasi ya majani, yale malipo ya kiwanda ya mwisho wa mwaka. Mzee mwenyewe akasogea, akapiga ubao kwa kiganja, akasema kwa lafudhi yake inayogeuza b kuwa p.

— Kaa hapa, Mwalimu. Huku penchi haiyumpi.

— Nani amekufa? Tecla aliuliza.

— Hakuna mtu amekufa, alisema Hezekiah kwa sauti ya mazishi. Ni barua tu.

Hezekiah ndiye aliyeitwa Posta. Kanisa lilikuwa na sanduku moja kule posta ya Litein, na vijiji vitatu vilipokea barua zao humo. Yeye ndiye aliyezichukua kwa baiskeli kila siku, mwaka wa kumi na tisa huu, bila kupoteza hata moja. Isipokuwa ile ya mtoto wa Makori. Hiyo haikupotea, ila ililala wiki tatu kwenye droo ya kanisa ikimngoja mwenyewe, na ilipofunguliwa ikaonekana ilikuwa ya kumwita kijana chuo cha ufundi, tarehe imekwisha pita. Tangu hapo benchi lilipitisha sheria: bahasha yoyote ya kaki yenye muhuri inafunguliwa hapo hapo, inasomwa, na kama ina haraka mwenyewe anatafutwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kulalamika, maana sheria hiyo ilikwisha kuokoa watu wawili.

Msomaji wa bahasha za kaki alikuwa Makori, baba wa kijana yule, fundi wa baiskeli na redio ambaye kila mtu alimwita Injinia. Makori alifika kidato cha pili. Kiingereza chake kilikuwa kama baiskeli alizozitengeneza, kilikwenda vizuri lakini breki hakina.

— Mliisoma? Tecla aliuliza.

— Tuliisoma mara tatu, alisema Makori. Pole sana, Mama Winny.

Tecla hakuelewa hiyo pole ni ya nini. Barua aliijua. Aliingoja tangu Juni, alipojaza fomu kwa siri katika chumba cha walimu wakati wenzake wako kwenye gwaride la wanafunzi. Chuo kikuu kilikuwa kimeanza kuchukua watu wanaojilipia, hata watu wazima, hata wenye digrii tayari, naye akaomba kwenda kuanza upya: udaktari wa mifugo, miaka mitano, kule Kabete. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na digrii ya ualimu aliyoitumia miaka kumi na mitano kufundisha hesabu. Aliyejua habari hiyo ni Aron peke yake. Alipomweleza, Aron alivua viatu vyake vya kazi kwanza, akakaa, kisha akasema, “Andika tu.”

Kilichomtisha si Kabete. Kilichomtisha ni benchi hili. Alijiona akiwaambia wazee hawa kwamba Mwalimu anarudi mwaka wa kwanza, na alisikia kicheko kabla hakijachekwa. Kila jioni tangu Juni alikuja na maneno mdomoni, akanywa chai, akayameza pamoja nayo.

— Mwalimu, hakuna mtu hapa anakulaumu, Makori aliendelea. Sisi tumeielewa. Ni ile mambo ya themanini na mbili.

Ndipo Tecla alipoanza kupata picha. Barua ilisema amekubaliwa mwaka wa kwanza wa digrii ya kwanza. Makori alijua Mwalimu ana digrii ya kwanza, maana wote walicheza siku alipoileta. Na katika dunia ya Makori, kama ya benchi zima, mtu harudii darasa alilopita. Mtoto anayerudia darasa la nane ni aliyeanguka, na hakuna namna nyingine. Basi wakahesabu moja kwa moja, wakapata jibu: Mwalimu wao ameitwa kurudia.

Kilichobaki ilikuwa kujua kwa nini, na hapo ndipo benchi lilipojimwaga. Makori aliwakumbusha wote kwamba Agosti ya 1982, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali, chuo kikuu kilifungwa na wanafunzi wakakaa nyumbani zaidi ya mwaka mzima. Mwalimu alikuwa mmoja wao, yeye mwenyewe ndiye aliyewasimulia. Kwa hiyo ile miezi haikusomwa. Sasa karani fulani huko Nairobi amefungua kabati, ameona pengo, na watu wote wa mwaka ule wanaitwa warudi waanze tena.

— Hiyo si sababu, alisema Posta. Serikali inataka kupunguza walimu. Sasa haiwezi kufukuza mtu bure, atapiga kelele. Inakufanya mwanafunzi. Mtu hawezi kuwa mwalimu na mwanafunzi siku moja. Ukikubali tu, umejifuta mwenyewe.

Mzee Bonasi aliwasikiliza wote wawili kwa huruma, kama mtu anayetazama watoto wakijenga nyumba ya matope.

— Nyinyi hamsikisi retio, alisema. Mwaka wa elfu mpili unakuja. Kompyuta zote zitachanganyikiwa, zifute kila kitu iliandikwa kumi na tisa. Tikrii ya Mwalimu ni ya kumi na tisa themanini na nne. Ikifika Januari tarehe moja, hiyo ni karatasi ya kufunga sukari. Sasa wanaitwa mapema wachukue ingine.

— Na ng'ombe wangu alizaliwa kumi na tisa tisini na tano, alisema Drusilla kutoka kibandani. Yeye pia atafutwa?

— Huyo umwangalie, Mzee akajibu bila kucheka.

Tecla alifungua mdomo, lakini Makori alikuwa bado na jambo lililomkera kuliko yote. Kama ni kurudia, kwa nini wasimpe digrii ile ile? Kwa nini wamempa ya mifugo? Yeye aliona ni dharau ya wazi. Wamemtoa kwenye kufundisha watu, wakampeleka kwenye ng'ombe, na kesho watampeleka kwenye kuku. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, alisema, na hakuna aliyeona methali hiyo inaingilia wapi, ila wote walitikisa vichwa kwa sababu aliisema kwa uchungu.

— Injinia, alisema Tecla, nipe barua yangu.

Makori akamtazama Posta, Posta akamtazama Mzee, na Mzee akatazama barabara, ambako lori halikuwepo.

— Barua iko, alisema Posta. Hii hapa. Ni ile kipande ya chini ndiyo haiko.

Kipande cha chini kilikuwa fomu ya kukata kwa mkasi. Palikuwa na visanduku viwili, nakubali na sikubali, na ilitakiwa irudi Nairobi kabla ya Ijumaa ya wiki ile. Wasiojibu na waliokataa, nafasi zao wangepewa wengine wanaongoja. Posta aliiona hiyo tarehe saa nne asubuhi. Alikumbuka droo ya kanisa na mtoto wa Makori, na jasho likamtoka. Mwalimu alikuwa darasani, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, mlango umefungwa. Walikaa kikao, wakaona kwamba kwa serikali anyamazaye amekubali, hata karatasi ikisema vingine.

— Tumekujibia, Mwalimu, alisema Makori. Tuliweka alama kwa sikubali. Tukaweka vidole sisi watu wanne, na Posta akagonga muhuri ya kanisa, waone hauko peke yako. Imeenda Litein na saa sita.

Alisema hivyo akiwa ameinua kidevu kidogo, kama mtu anayengoja kushukuriwa. Na kweli walikuwa wametenda jambo kubwa. Mzee Bonasi hakuwa ameweka kidole kwenye karatasi yoyote ya serikali tangu aandikishwe mkulima wa chai, maana aliamini kidole cha mtu kikishajulikana Nairobi hakirudi. Kwa ajili ya Mwalimu alikitoa.

Tusiufiche ukweli wa Tecla. Jambo la kwanza alilohisi lilikuwa nafuu. Ilimshukia tamu kabisa, kuanzia mabegani. Basi yameisha. Hakukataa yeye, wamekataa kwa niaba yake watu wanaompenda. Kesho ataamka, ataingia kidato cha tatu na chaki yake, atamfundisha binti yake Winny na wenzake pembetatu, jioni atakuja hapa apewe kikombe kikubwa na huruma, na hakuna siku hata moja atakayolazimika kukaa dawati moja na watoto waliokuwa wakinyonya akiwa tayari chuo kikuu. Angeweza hata kuwaacha waamini kwamba aliitwa kurudia. Ilikuwa aibu ndogo, na wao walikwisha kumsaidia kuibeba.

Alikunywa chai. Nafuu ikaendelea kushuka, mpaka ilipofika tumboni ikakuta kitu kingine kimekaa hapo, na hicho hakikusogea. Ilikuwa huzuni, na ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

— Sikuanguka, alisema.

— Tunajua, Mwalimu, walisema wote pamoja, upesi mno.

— Hamjui. Nilipita. Digrii yangu iko sawa na hakuna anayeidai. Hii nyingine niliiomba mimi mwenyewe. Nilijaza fomu, nikapeleka vyeti, nikangoja miezi mitatu. Nataka kwenda.

Kama angewaambia anahamia mwezini wangelipokea kwa wepesi zaidi, kwa sababu mambo ya mwezini Mzee alikuwa na maoni nayo tayari. Posta alivua kofia akaitazama ndani. Makori alihesabu kitu kwa vidole.

— Ngoja, alisema. Mtu amevuka mto. Yuko ng'ambo, amekauka, amevaa nguo. Sasa anarudi maji tena kutafuta nini?

— Na hapa tutabaki na nani? Posta akauliza, na hapo sauti yake haikuwa ya mazishi tena, ilikuwa ya mtu mwenye hofu yake mwenyewe. Hesabu atafundisha nani? Kila mwaka wanatuletea kijana, anakaa muhula moja, anatoroka baridi.

Mzee Bonasi alikuja kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa hatari. Alimwita kwa jina la nyumbani, Chepkemboi, kama baba yake alivyomwita. Alisema kwamba yeye hakusoma, lakini ameona mambo. Wakati mwingine mtu anataka kitu, na Mungu anafunga mlango, na anatumia mikono ya watu wajinga kuufunga. Barua imekwenda. Haikwenda kwa ubaya. Labda aiache iende.

— Mtoto akililia wembe, mpe, alisema Makori, akidhani anamuunga mkono Mzee.

— Hiyo ni ya kumpa, Injinia, alisema Drusilla. Umevuka upande.

Tecla aliweka kikombe chini. Hakuwa amepanga kusema alilosema. Alikuwa amepanga, miezi yote hiyo, hotuba nzuri juu ya maendeleo ya mifugo katika wilaya.

— Makori, alisema. Ng'ombe wako wa mwaka jana.

Makori akaacha kuhesabu.

Kila mtu hapo alimkumbuka ng'ombe yule, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, aliyelisha watoto sita. Kule kituo cha mifugo daktari wa serikali alikuwa amestaafu, na hakuletwa mwingine. Watu wakaanza kumwita Mwalimu kwa sababu alikuwa na vitabu na hakuogopa damu. Asubuhi moja ya mvua za El Niño alikunja mkono wa sweta mpaka begani, akamgeuza ndama ndani ya tumbo la mtamba wa Mzee Bonasi, akamtoa mzima, na sifa zake zikafika mpaka Boito. Miezi mitatu baadaye Makori alimwita. Ng'ombe alikuwa amelala chini siku moja baada ya kuzaa, shingo imekunjwa ubavuni, masikio ya baridi. Tecla alimpa dawa ya homa. Jioni ng'ombe alikufa, watoto sita wakiwa wamesimama uani, na Makori akamshika Mwalimu mkono akamwambia ni Mungu.

— Uliniambia ni Mungu, Tecla alisema. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na aibu. Haikuwa Mungu. Haikuwa homa hata kidogo. Baadaye nilipata kitabu nikasoma. Damu yake ilikuwa imeishiwa na kalsiamu, yale madini ya mifupa, kwa sababu ya maziwa. Chupa moja tu ya hiyo kwenye mshipa wa shingo, angesimama, angekula siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimekaa naye masaa tisa mazima, nimemshika kichwa, na sikujua.

Makori alikuwa anatazama viganja vyake vyeusi vya grisi.

— Mimi siichukii chaki, Tecla akaendelea, polepole sasa. Nilipomaliza shule, kwenye fomu niliandika mifugo chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Wakanipa ualimu. Baba akasema chukua unachopewa, nikachukua, na nimeufanya vizuri. Lakini nyinyi mnaniita na mimi nakuja, na kila nikiingia boma la mtu naomba iwe ile kitu najua. Nimechoka kuomba hivyo. Nataka kwenda kusoma.

Mzee alikohoa. Posta alisema, kwa shida, kwamba wameelewa, lakini hata hivyo barua imekwenda, na jambo la posta ni jambo la posta. Kisha kila mmoja akarudi kwenye chai yake, na mambo yangeishia hapo, katika ile adabu nzito ya watu waliokosea kwa mapenzi, kama si yule mgeni.

Hakuna aliyekuwa amemwangalia vizuri. Alikuja na kikapu cha majani mgongoni muda mfupi kabla ya Tecla, akakaa juu ya jiwe kando ya mizani kama inavyompasa mke mgeni mbele ya wazee. Aliitwa Phelis. Alikuwa ameolewa mwezi Aprili akitokea Chebunyo, kule chini kwenye joto na mifugo mingi, na mambo ya chai alikuwa bado anajifunza.

— Wazee, samahani, alisema. Mimi ni mgeni. Nilitaka kuuliza tu. Huku kwenu ng'ombe ikigonjeka, mnaitanga nani?

Mzee Bonasi alifungua kinywa kumjibu. Ni mtu aliyewahi kueleza kupatwa kwa jua, kuanguka kwa shilingi na sababu ya Wazungu kuwa na pua ndefu, yote kabla chai haijapoa. Kinywa kilibaki wazi kidogo, kisha akakifunga. Posta alianza kunyoosha mkono kuelekea kituo cha zamani cha mifugo, akakumbuka, akaurudisha. Jibu la swali lile lilikuwa limekaa katikati yao, mahali ambapo benchi haliyumbi, na wao ndio waliolijibia sikubali saa sita mchana.

Phelis alidhani amewakosea. Akainamisha kichwa.

— Umeuliza vizuri, mama, alisema Drusilla. Akatoka kibandani akifuta mikono kwenye leso. Na mimi pia nimeweka kidole kwa hiyo karatasi, kwa hivyo niseme. Posta, gunia la barua za Nairobi linaondoka saa ngapi?

— Saa kumi na mbili, na basi. Lakini ikishaingia gunia, hiyo ni mali ya serikali. Hawawezi kunirudishia. Mimi mwenyewe siwezi kuwaomba.

— Usiitoe. Uifuate na nyingine.

Posta alilifikiria hilo. Ukweli ni kwamba lilimpendeza, kwa sababu halikuvunja sheria yoyote. Barua ya kwanza itakwenda, na ya pili itakwenda nayo gunia moja, na kule Nairobi watazifungua pamoja.

Makori alikuwa amekwisha kuinuka. Alirudi kutoka kwenye banda lake na kalamu na daftari la redio za watu, akararua karatasi katikati, mahali pasafi. Akampa Tecla.

— Andika, Mwalimu, alisema. Hakumtazama usoni. Watoto wangu bado wanaulizaga ile ng'ombe.

Tecla aliandika juu ya goti. Aliandika kwa Kiingereza, mistari minne, kwamba yeye ndiye mwombaji, kwamba fomu waliyoipokea ilijazwa na marafiki kwa kutoelewa, kwamba nafasi anaikubali. Mzee akataka asomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, na alipofika “naikubali” akamwambia arudie hapo. Akarudia. Mara ya pili sauti ilitoka bila kukwama.

Kisha ukazuka ubishi mpya. Mzee alishikilia kwamba barua ya pili lazima iwe na vidole vingi kuliko ya kwanza, maana watu wa Nairobi wakiona nne kwa nne watasema ni sare, watarusha shilingi. Tecla alimweleza kwamba chuo hakihesabu vidole. Mzee alimjibu kwamba hiyo ni hesabu ya shule, hii ni ya serikali. Makori akaweka kidole wa kwanza, akakibana sana kama anayeziba pancha. Posta akaweka. Drusilla akaweka. Mzee akaweka, akakiangalia kidole chake, akasema sasa wamemjua mara mbili, basi. Halafu wote wakageuka kumtazama mke wa watu kutoka Chebunyo.

— Mimi hata hamnijui, alisema Phelis.

— Weka, mama, alisema Drusilla.

Akaweka. Vikawa vitano, na jina la Tecla juu yake kwa mwandiko wa ubaoni. Posta akaitia ndani ya bahasha, bahasha akaitia ndani ya shati, akapanda baiskeli. Makori alikimbia naye hatua kadhaa akikaza kitu kwenye gurudumu la nyuma, akamwacha kwenye mteremko. Walimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya mashamba. Mzee alisema kwamba saa kumi na mbili bado iko mbali. Hakuna aliyebisha, ingawa wote waliona jua liko wapi.

Tecla alitaka kulia, akanywa chai iliyopoa badala yake. Alikuwa na hofu. Kulikuwa na ruhusa ya kuombwa kwa mwajiri, kulikuwa na Winny na mtihani wake, kulikuwa na Aron kubaki peke yake na jiko. Kulikuwa pia na uwezekano kwamba kule Nairobi mtu angezifungua bahasha mbili, aone vidole tisa na muhuri wa kanisa, acheke, azitupe zote. Lakini lilikuwa limesemwa. Alikuwa amelisema benchini, na hawakucheka.

— Mama, Tecla alimwita Phelis. Uliuliza kwa sababu gani? Una ng'ombe mgonjwa?

Phelis alisema ndiyo. Mmoja, mwekundu, aliyetoka naye kwao. Hajacheua tangu Jumapili. Anakula kidogo, anasimama na mgongo umeinuka, na ukimshika kifuani anatoa sauti.

Benchi likafufuka. Makori alisema ni waya, ng'ombe amemeza waya, siku hizi waya ziko kila mahali. Mzee alisema ni huzuni, ng'ombe wa joto haelewani na baridi ya huku, alazwe ndani na moto. Drusilla alisema ni yale majani mabichi baada ya mvua. Makori akaongeza kwamba hata kama si waya, basi ni msumari, ambao kwa ukoo ni ndugu ya waya. Walipokwisha wakamgeukia Mwalimu, kama walivyomgeukia kila siku karani wa mizani alipowabishia kilo zao.

— Ni nini, Mwalimu? aliuliza Phelis.

Miaka kumi na mitano ya kusimama mbele ya ubao ilimfundisha Tecla kuwa na jibu kabla swali halijaisha. Alilitafuta, kwa mazoea. Akawaza waya, akawaza tumbo la kwanza na la pili, akawaza ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe. Kisha akainuka, akachukua mkoba wake wa vitabu vya kusahihisha, akamwachia Drusilla amwekee.

— Sijui, alisema. Bado sijui. Twende tumwone.